Pawa Saplai ya Pili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jalada: Kuungua kwa karakana ya samani na kujeruhiwa kwa mtu
Jina: Limenakiliwa kwenye daftari la kituo kutoka kwenye kitambulisho. Anafahamika kwa jina la Mama Randa
Umri: Miaka 46
Kazi: Seremala
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya karakana inayohusika, mlango wa pili kutoka bombani
Uhusiano na mlalamikaji: Dada yake, baba mmoja mama mmoja
Yameanza kuandikwa: Jumamosi tarehe 16, saa 5:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jina la kitambulisho mnalo, ila mkilitumia mtaani hamtanipata, ulizeni Mama Randa. Sikuitwa hapa. Juzi kaka yangu alinituma nije kuunga mkono maneno yake, nikajifanya sikusikia. Leo nimekuja kwa miguu yangu kusema ya kwangu, na afande naomba uyaandike nilivyoyasema, usiyapige pasi.

Natanguliza hili ili atakayechoka kusoma aishie hapa: mtu mliyemfungia humo ndani tangu Alhamisi jioni, Fundi Redio, hakuunguza karakana yetu wala hakumuumiza mtoto wetu.

Karakana ni ya kaka na mimi. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka tisa na ndiye aliyenifundisha kushika randa. Binti yake ana miaka ishirini na mitatu, ananiita shangazi, na ndiye mwenye akili ya kompyuta kati yetu. Mwaka jana alitushawishi tuunde mashine ya CNC, ile inayochonga maua na herufi kwenye mbao yenyewe, ikiongozwa na kompyuta. Meza tulitengeneza wenyewe, vyuma tukachomelea wenyewe, mota nne tukaagiza. Tulipofika kwenye umeme tukanywea. Ndipo tukamwita Fundi Redio, mwenye kibanda cha redio na televisheni ng'ambo ya barabara, mzee asiyeanza kusema kabla ya kufuta miwani.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, saa tisa alasiri, Fundi Redio alikaa kwenye kigoda changu akatueleza namna ya kuchagua pawa saplai. Hicho ni kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kutoa umeme mdogo wa kuendeshea mota. Ukikosea kukichagua, mashine nzima umeikosea. Alichukua kipande cha plaiwudi na penseli yangu akapiga hesabu mbele yetu sote watatu. Kipande hicho nimekuja nacho, hiki hapa. Ameandika mota nne, ampea tatu kila moja. Amekata kumi na mbili akaandika kumi, kwa sababu alisema mota hazili zote kwa pamoja mpaka kushiba. Chini yake ameandika volti 36 na kuizungushia duara. Pembeni, kwa herufi kubwa: KADI MWISHO 50. Kadi ni zile sahani nne za umeme, moja kwa kila mota, zinazoiambia mota izunguke lini na kwa kasi gani.

Kaka aliuliza swali, na naomba liandikwe lilivyo maana balaa lote limetoka humo. Alikuwa amesoma kibandiko cha mota, kimeandikwa volti tatu. Akasema, "Mzee, mota inasema tatu, wewe unaipa thelathini na sita. Si utaiua?"

Fundi akacheka, akafuta miwani. "Hiyo tatu ni ya mota iliyosimama. Ukitaka ikimbie unaisukuma kwa volti nyingi, na kadi ndiyo inayoizuia isile kupita kiasi. Mota haitakufa, mwanangu. Itakayokufa ni kadi. Ukiipita hamsini umeiua. Na hata hamsini yenyewe usiifikie, maana mota ikisimama ghafla inarudisha umeme nyuma, nao unajazia juu ya ule uliopo. Ampea zikizidi hazina neno. Volti zikizidi, toka mbio."

Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Kaka pia alisikia, ila yeye aliondoka na nusu: kwamba mota iliyoandikwa tatu imepewa mara kumi na mbili na haikufa. Sisi maseremala tuna ugonjwa wetu, afande. Ukituambia ubao wa inchi moja unatosha, tunaweka wa inchi moja na nusu na tunalala usingizi. Kwetu sisi kuzidisha ndiyo usalama. Kikomo kilichoandikwa na kiwanda tunakiona ni woga wa kiwanda. Kwenye kitanda au mlango ugonjwa huo haujawahi kumdhuru mtu.

Fundi alifunga pawa saplai moja ya volti thelathini na sita, akatengeneza boksi la bati lenye mfuniko wa skrubu, kadi zote zikakaa humo. Mashine ilifanya kazi siku tisa bila kukohoa. Ilichonga vizuri sana, ila polepole. Binti alikuwa akikaa mbele yake ameshika tama, na mara mbili tatu alisema, "Baba, hii inatambaa." Hakuwa analalamika, alikuwa anatania. Lakini kaka yangu akiambiwa neno na binti yake, hata la utani, halali.

Jumatano tarehe 13, saa nane mchana, kaka alirudi kutoka dukani na pawa saplai ya pili, pacha wa ile ya kwanza. Nilimuuliza muuzaji amemwambia nini. Akasema, "Kaniambia chukua bosi, hii inapiga kazi zote." Muuzaji huyo hakuuliza inakwenda kufungwa wapi wala kufanya nini. Ningependa siku moja naye aje akalie kiti hiki.

Nilimwambia kaka twende tumuulize fundi. Kibanda kipo hatua thelathini, mlango ulikuwa wazi na redio inaimba. Kaka akakunja uso. "Kila kitu fundi, fundi. Yule mzee anaogopa hata kivuli chake. Wewe betri za tochi unazipangaje? Si moja nyuma ya nyingine? Basi na hizi ni hivyo hivyo." Thelathini na sita, na thelathini na sita nyingine. Hesabu zilinishinda shuleni, lakini hiyo naijua, ni sabini na mbili. Na kipande cha plaiwudi kilikuwa kimetundikwa msumarini mbele ya macho yangu.

Alisema pia tusimwambie binti. Alitaka kumshtukiza. "Aje asubuhi awashe, aone inavyokimbia." Alikuwa anachekelea kama mtu aliyeficha zawadi. Siwezi kusema alikuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu ingekuwa nia mbaya ningejua pa kumshika.

Pawa saplai mbili hazikuenea kwenye boksi la fundi. Kaka alifungua mfuniko akauegemeza ukutani, boksi likabaki wazi. Akafunga waya, chanya ya ile ya kwanza kwenye hasi ya ile ya pili. Saa kumi na nusu umeme ulikatika mtaa mzima kabla hatujajaribu, tukafunga karakana tukaenda nyumbani.

Afande, simama hapo. Rudi nyuma kidogo. Umeandika kaka alifunga waya. Ni mimi niliyesema hivyo, kosa si lako. Kaka yangu haoni skrubu ndogo bila miwani, na siku hiyo miwani aliisahau nyumbani. Yeye alishika waya na kuonyesha kwa kidole. Aliyekaza skrubu ni mimi. Nilikaza zote nne, kisha nikavuta kila waya kuhakikisha haichezi, maana kazi ya ovyo siipendi.

Afande ameweka kalamu chini akanionya kwamba silazimiki kusema, na kwamba nitakayoyasema yanaweza kutumika mahakamani dhidi yangu. Nimeelewa. Nimemwambia aichukue kalamu yake tuendelee.

Alhamisi tarehe 14, saa mbili na nusu asubuhi, kaka alikwenda kwa mteja kupima milango, akaniambia atarudi mapema asikose kuona. Saa tatu kamili binti aliingia. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, umeamkaje?" Akasema ameamka salama. Nilikuwa kwenye meza yangu ya mwisho, napiga randa ubao wa mlango, mgongo umemwelekea. Kati ya salamu ile na mlio ni dakika kumi. Dakika kumi, afande! Ningeweza kumwambia mara mia. Sikumwambia kwa sababu nilimwahidi kaka, na kwa sababu, hili nalo liandike, mimi pia nilitaka kuiona ikikimbia.

Saa 3:10 alibonyeza kitufe cha kuirudisha mashine mwanzo wa meza, anavyofanya kila asubuhi. Nilisikia sauti ambayo mashine ile haijawahi kuitoa, kali kama msumeno uliokutana na msumari. Nikageuka. Ilikimbia kweli. Ilifika mwisho wa reli ikasimama ghafla, na hapo hapo kadi zikapasuka, moja, halafu mbili kwa pamoja. Juu ya kadi kuna vikopo vidogo vya bati, vidogo kuliko kizibo cha chupa. Viliruka kutoka kwenye boksi lile lisilo na mfuniko, naye alikuwa ameinama karibu nalo akitazama kioo cha kompyuta. Alishika uso. Hakupiga kelele, mimi ndiye niliyepiga.

Cheche ziliangukia vumbi la mbao chini ya meza, moto ukashika. Kabla sijafika kwenye swichi kubwa, Fundi Redio alikuwa ameshavuka barabara. Mzee wa miaka sitini na kitu! Alizima umeme, akamvuta binti nje, akarudi na ndoo ya mchanga, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mimi nilikuwa nazunguka tu kama kuku. Mkono wake wa kulia umeungua kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Mkono huo mnao humo mahabusu, na jana nilipouona haukuwa umefungwa hata kitambaa.

Moto ulipozimika alisogea kwenye boksi akachungulia. Aliona pawa saplai mbili. Alinyanyua macho akanitazama mimi, akasema, "Mpeleke mtoto hospitali." 

Kaka alitukuta hospitali saa tano. Hakuuliza imekuwaje, alijua imekuwaje. Saa nane alisema anakwenda kufunga milango ya karakana. Saa kumi jioni, badala ya kurudi kwa mtoto, alikuja hapa kulalamika kwamba Fundi Redio alifunga umeme kizembe na amemtia binti yake kilema. Mkaenda kumchukua mzee wa watu kibandani, mbele ya wateja wake. Watu wa pale wamenisimulia mlimuuliza swali moja tu: nani alifunga umeme wa mashine hii? Akajibu, "Mimi." Na ni kweli alifunga. Mkaridhika! Hakuna aliyemuuliza alifunga nini. Mkachungulia kwenye boksi mkakuta pawa saplai moja na kadi zilizoungua, mkaandika uzembe wa fundi. Waya mbili zilizokatwa kwa koleo zinaning'inia hapo pembeni hazikumsumbua mtu. Afande, najua si wewe uliyekwenda, lakini aliyekwenda anajijua.

Jana Ijumaa tarehe 15, saa moja asubuhi, niliruhusiwa kumpelekea fundi chai. Nilimuuliza kwa nini hasemi. Alisema, "Ile ya pili ipo wapi? Nikisema zilikuwa mbili na wao wameona moja, si nitaonekana mwongo juu ya uzembe?" Kisha akasema kaka ni mzazi, ana uchungu, mwacheni apoe. Nilitaka kupitisha mkono kwenye nondo nimtikise. Kuna upole unaoudhi kuliko matusi. Niliondoka na kikombe changu.

Nikaenda karakana kufagia, kwa hasira tu, maana hakukuwa na kazi. Saa tano asubuhi niliikuta pawa saplai ya pili ndani ya gunia la maranda, chini kabisa. Ndiyo hii niliyoifunga kwenye gazeti. Waya zake zimekatwa kwa koleo kwa sababu aliyeitoa hakuziona skrubu. Skrubu zenyewe ziko vilevile nilivyozikaza, ukitaka jaribu.

Jioni ya jana, saa kumi na moja, niliiweka mbele ya kaka kwenye meza ya karakana. Aliisukuma pembeni kwa kiganja. Halafu akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwamba mimi ni dada yake wa pekee. Kwamba baba alituachia karakana hii tuishike pamoja. Kwamba mzee yule hana mke wala mtoto anayemtegemea, atakaa miezi michache atoke. Miezi michache! Utafikiri anazungumzia mbao zinazosubiri kukauka. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, "Dada, mwanangu akijua ni mimi, atanitazama vipi?"

Nikamwambia, "Kwa jicho litakalobaki."

Alilia. Mtu mzima, mwenye mvi, amelaza kichwa kwenye meza yenye masizi. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika baba. Sikumbembeleza. Nilichukua gazeti nikaifunga pawa saplai nikatoka nayo, na usiku kucha nilikuwa najiambia labda nimwache mpaka Jumatatu, labda atakuja mwenyewe.

Leo saa mbili asubuhi nilikwenda hospitali nikiwa na mzigo huu kwapani. Jicho la kushoto limefungwa. Daktari amesema watafungua baada ya siku kumi na kabla ya hapo hatasema kitu. Kaka alikuwa upande wa pili wa kitanda, amemshika mkono. Binti akaniambia, "Shangazi, hebu niambie wewe. Nilibonyeza kitufe vibaya?"

Tangu Alhamisi anajiuliza hivyo. Analala akijaribu kukumbuka alibonyeza kipi, kama vidole vyake vilitangulia, kama alikosea namba. Hajui kwamba Fundi Redio yupo mahabusu, hakuna aliyemwambia. Akasema amemwomba baba yake amfikishie fundi samahani zake kwa kumharibia kazi nzuri. Eti samahani zake!

Nilimtazama kaka. Nilimpa nafasi, afande. Nilihesabu moyoni mpaka ishirini. Akamwambia binti, "Pumzika mama, usijichoshe." Akarekebisha shuka. Nikatoka bila kuaga mtu. Ndiyo sababu unaniona na kandambili za wodini, viatu vyangu viko mlangoni kule.

Afande ameniuliza kwa nini mimi mwenyewe sikumjibu mtoto. Swali zuri, nimelitafakari njia nzima. Ni kwa sababu zile skrubu nimekaza mimi. Kaka alikuwa na ujinga wake, lakini mimi nilikuwa najua, na nilikuwepo na mdomo wangu dakika zote kumi. Kumwambia polisi ni rahisi kuliko kumwambia yeye. Polisi haniiti shangazi.

Nikitoka hapa, leo au siku yoyote mtakayoniachia, nitakwenda kumwambia. Kaka akitaka awepo, asipotaka asiwepo.

Sina la kuongeza. Nimesomewa maneno haya tangu mstari wa kwanza, yote yametoka kinywani mwangu, na sitaki hata moja lipunguzwe makali. Natia mkono wangu hapa chini.

(Sahihi ya shahidi)

DOKEZO LA AFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika kwa mkono wangu na kumsomea mhusika, akayathibitisha. Yalianza kama maelezo ya shahidi. Alipofika kwenye suala la skrubu nilimpa onyo kwa mujibu wa sheria, naye akachagua kuendelea. Nimepokea vielelezo viwili: kipande cha plaiwudi chenye hesabu ya penseli, na pawa saplai moja yenye waya zilizokatwa. Yalikamilika saa 7:55 mchana. Mlalamikaji ameitwa kituoni. Mhusika amewekwa kwenye benchi la mapokezi akisubiri maagizo ya mkuu wa kituo.

Saa 8:20 mchana, kwa amri ya mkuu wa kituo, mahabusu anayefahamika kwa jina la Fundi Redio alitolewa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kipande cha shati. Alipopita mapokezi mhusika alisimama. Fundi Redio alimuuliza, "Mtoto anaona?" Swali hilo naliandika kwa kuwa liliulizwa mbele yangu. Mhusika, ambaye alizungumza nami kwa karibu saa tatu bila kupumzika, hakujibu neno.

(Sahihi ya afisa)